Penye Nia Pana Ngazi

Tangu shemeji arudi Ubelgiji, nyumba yangu ina wazee wawili. Mmoja ni mimi, mwenye mvi, kandambili na deni la karo. Wa pili amekaa juu ya kabati la vyombo, mweupe, na antena zake nne zimesimama kama masikio ya punda aliyesikia jina lake. Mimi nikisema neno humu ndani, watu huendelea kutafuna. Yeye akiwasha taa yake ya rangi ya machungwa, nyumba nzima hunyamaza na kuulizana: "Ana nini leo? Nani kamkasirisha?"

Kwa jina la kawaida ni ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti. Lakini shemeji alitukataza kukiita hivyo. Ruta, alisema, ni zile za watu wa zamani. Hiki kinaelewa nia.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Anaishi Bruxelles mwaka wa kumi na moja sasa, na kila akija likizo huleta kitu cha kutuokoa. Mara ya kwanza alileta mashine ya kukamua machungwa. Mara ya pili, mzani unaotangaza uzito wako kwa sauti, kwa Kifaransa, mbele za watu. Agosti 2025 alishuka na sanduku ambalo mke wangu aliapa limejaa viatu vya watoto. Ndani mlikuwa na kisanduku hicho, taa nne zinazobadili rangi, plagi mbili zinazojizima zenyewe, kamera ya getini, na kipimajoto cha friza kidogo kama kifungo cha koti. Viatu havikuwamo.

Niseme kazi yangu ili mnielewe. Mimi ni mtu wa samaki. Alfajiri nashuka ufukweni, nanunua mikebuka kwa wavuvi, nagandisha, nawauzia akina mama wanaopeleka bara. Friza mbili ziko nyuma ya nyumba, na maisha yangu yote yamo ndani yake. Samaki wakiyeyuka, karo imeyeyuka. Umeme wa mji wetu wa Kalemie, hapa Kongo, unatoka Bendera, kule kaskazini kwenye mto Kyimbi. Walioujenga walikuwa Wabelgiji, wakifikiria viwanda. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilikwisha kufunga milango, umeme wenyewe bado unatafuta njia ya kutufikia. Siku ukija tunaushukuru. Siku usipokuja kuna paneli tatu juu ya bati na betri moja chini ya kitanda cha wageni, ndiyo maana wageni wangu hawakai sana.

Basi shemeji alikaa na simu yake siku mbili, akiunganisha. Siku ya tatu alituita sebuleni.

"Shemeji, sikiliza. Zamani mtu wa mitandao alikuwa anaamuru kila kifaa, kimoja kimoja: wewe fungua mlango huu, wewe pitisha hiki kabla ya kile, wewe zima saa nne. Ukikosea herufi moja, kazi imekufa. Hiki unakiambia tu unachotaka. Jinsi ya kukipata ni shauri lake."

"Na kama jinsi hakiijui?"

"Kinaijua."

Mke wangu alikuwa anasonga bukari. Hakugeuka. "Mimi nimeishi na mtu wa namna hiyo miaka ishirini na miwili," alisema. "Anajua kila kitu isipokuwa jinsi."

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya mitandao chuo kikuu hapa mjini, ndiye aliyetufungulia kitabu. Kijana huyu akipata nafasi ya kueleza, chai hupoa. Alituambia kwamba hili si jambo la shemeji wala la Bruxelles. Tangu 2017 makampuni makubwa kama Cisco ya Marekani yamekuwa yakiuza mitandao ya nia kwa mabenki na maofisi. Oktoba 2022 wataalamu wanne walichapisha waraka namba 9315, katika ule mfululizo wa nyaraka ambao intaneti inaufuata kama sisi tunavyofuata kanuni za kikao cha mahari. Waraka unaeleza nia ni nini. Nia ni lengo na matokeo unayoyataka, yaliyotamkwa bila kusema yatafikiwa kwa njia gani.

"Ina nusu mbili, Baba mdogo. Nusu ya kwanza ni kutimiza: mfumo unapokea nia, unaitafsiri kuwa amri, unazituma kwenye vifaa. Nusu ya pili ni kuhakikisha: unarudi kila mara kupima kama kile ulichotaka ndicho kinachotokea. Kikienda upande, unakirekebisha, unapima tena. Ni duara, haliishi."

"Mbona huyo ni mama mdogo wenu?" nikasema, maana nilimwona pale pale.

Hebu mtazameni mke wangu kwa siku moja tu. Saa kumi na mbili asubuhi anatamka: "Mchana tule kuhe." Basi. Hasemi nani aende ufukweni, kwa pesa ipi, kwa pikipiki ya nani, na kama mkaa upo. Hiyo ni nia safi, hata wale wataalamu wanne wasingeongeza nukta. Saa nne anapita mlangoni: "Kuhe amefika?" Saa tano anafunua sufuria. Saa tano na nusu anaonja chumvi, anamfukuza aliyeitia, anamweka mwingine. Hiyo ni nusu ya pili. Nyumba hii imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kisasa kabisa tangu siku ya harusi, nami sikuwahi kulipwa hata kama kifaa.

Na kuna jambo jingine analolifanya ambalo nilikuja kuliona baadaye, kwa hasara. Hajawahi kudai ndakala mwezi ukiwa mpevu. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, dagaa wakaifuata taa, lakini mwezi ukijaa ziwa zima ni taa, na mitumbwi inalala ufukweni. Kabla hajatamka anachotaka, mama huyu ameshaangalia juu.

Mimi sikuangalia juu wala chini. Nilichukua simu, nikafungua ile programu, nikatafuta Kiswahili. Kifaransa kimo, Kiingereza kimo, Kiholanzi kimo cha wale Wabelgiji wa upande wa pili. Kiswahili hakimo, ingawa sisi tunaokisema tumejaa kutoka ufuko wa Lukuga mpaka Lamu. Nikaandika kwa Kifaransa changu cha shule ya misheni, kwa herufi kubwa ili kisanduku kione heshima: nataka poisson frais.

Wanaojua Kifaransa wameshaanza kucheka. Neno hilo frais ni mtu mwenye nyumba tatu. Nyumba ya kwanza ni samaki mbichi, aliyetoka ziwani leo. Nyumba ya pili ni ubaridi kidogo, kama kivuli cha mwembe saa kumi. Nyumba ya tatu ni ile inayojulikana na kila mzazi wa Kongo, ada ya shule. Kisanduku kilienda nyumba ya pili. Kiliniuliza, nakiri, kwa adabu: "Nimeelewa kwamba unataka hali ya ubaridi wa wastani. Je, ni sawa?" Nami nikabonyeza sawa, kwa sababu tangu nipate simu ya kwanza sijawahi kubonyeza kitu kingine.

Kikaizima friza. Kikapima. Kikaona bado kuna baridi kali mno, kikaendelea kuiacha imezimwa. Kikapima tena, kila baada ya dakika kumi, usiku kucha, kwa uaminifu ambao sijauona kwa mfanyakazi yeyote. Alfajiri mikebuka wangu walikuwa kwenye ubaridi wa wastani, wamelala wamelegea kama watu waliotoka harusini. Nikawauza kwa bei ya nyumba ya tatu, yaani kwa hasara ya ada.

Katika Kiswahili jambo hili lisingetokea. Samaki mbichi ni mbichi, na baridi ni baridi, hata mtoto wa miaka minne hachanganyi. Nilimwambia hivyo mtoto wa kaka. Akajibu kwamba mashine haiwezi kujua lugha ambayo hakuna aliyeifundisha. Nikamwuliza chuoni wanafundisha nini basi. Akaenda kunywa maji.

Tukasahihisha: samaki wa friza wakae wameganda, chini ya sifuri nyuzi kumi. Ikawa nia namba moja. Ningekuwa na akili ningeishia hapo.

Lakini shemeji alikuwa ameweka programu kwenye simu ya kila mtu, eti nyumba ni ya demokrasia. Nia namba mbili ilikuwa yake mwenyewe: betri isishuke chini ya asilimia 30 usiku, isije ikaharibika. Namba tatu, Mama Mkwe: taa ya njia ya chooni iwake akiamka, na isiwe ya kijani, kijani kinamkumbusha hospitali. Namba nne, kijana wangu mkubwa: mpira usikwame na usikatike. Namba tano, binti yangu: simu yake ya kuongea na rafiki kwa picha isigandegande. Huyo rafiki tutakuja kumjadili siku nyingine. Namba sita, kitinda mimba: kisanduku kinifanyie hesabu. Kikamjibu kwamba haiwezekani kwa vifaa vilivyopo. Kwa miezi mitatu lile ndilo jibu pekee la kweli nililolisikia kutoka juu ya lile kabati.

Kila nia kisanduku kiliuliza: kipaumbele cha chini, cha kati, au cha juu? Nani hapa Kalemie atajiandika mwenyewe cha chini?

Kabla sijafika kwenye msiba wenyewe, niseme neno kuhusu kamera. Wiki ya pili kisanduku kilitoa taarifa kwamba kamera ya getini inaongea usiku na anwani za nchi nyingine, na kwamba kimeitenga. Nikatoka nje kuitazama. Ilikuwa imekaa kimya juu ya nguzo, uso mkavu, kama mtumishi aliyekamatwa akitorosha sukari.

Mtoto wa kaka akatueleza, chai ikapoa tena. Machi 2019 ulitoka waraka mwingine, namba 8520. Unapendekeza kifaa kinapoingia kwenye mtandao wa mtu kijitambulishe kwa barua ya kiwanda chake: mimi ni taa, kazi yangu ni kuwaka, nitaongea na fulani na fulani tu. Mtandao unaisoma barua, unakifungulia kifaa milango hiyo, mingine yote unaifunga. Hapo hata mimi nilielewa bila kuchorewa. Mgeni akishuka bandarini hapa na mzigo wake, haingii tu mtaani akalala. Anapita kwa mkubwa wa mtaa, anaonyesha karatasi, anasema amefikia kwa nani. Taa zetu zilikuja na karatasi. Kamera ilikuja mikono mitupu.

"Na ikiongea na watu wa nje, kuna ubaya gani?" akauliza Mama Mkwe, ambaye mwenyewe huongea na kila anayepita.

Kijana akamsimulia mambo ya 2016. Kulikuwa na programu mbaya iliyoitwa Mirai, iliyokuwa ikizunguka dunia ikigonga milango ya kamera na ruta za watu, ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo hakuna aliyejisumbua kuyabadilisha. Haikuwa na uchawi, ilikuwa na orodha ya majaribio sitini hivi. Ikakusanya jeshi la vifaa vya majumbani, na tarehe 21 Oktoba mwaka ule jeshi hilo likaivamia kampuni ya Dyn ya Marekani, mojawapo ya wale wanaoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake. Twitter, Netflix na wengine wakapotea kwa watu wengi kwa saa kadhaa.

Mke wangu aliacha kuchambua sombe. "Yaani hii kamera yetu inaweza kutoka hapa usiku, ikaenda kupigana Marekani, asubuhi ikarudi getini kama hakuna kitu?"

"Inaweza, mama mdogo."

"Bila kuaga?"

Tukaishusha. Sasa iko kabatini pamoja na mashine ya machungwa. Getini tumemrudisha mbwa, ambaye hana anwani yoyote nje ya mtaa.

Sasa njooni kwenye usiku wenyewe. Jumapili, tarehe 16 Novemba 2025. Mkongo yeyote akisikia tarehe hiyo anasimama. Leopards, timu yetu ya taifa, na Nigeria, kule Rabat, tiketi ya mchujo wa mwisho wa kwenda Kombe la Dunia ikiwa mezani. Uani kwangu mlikuwa na watu zaidi ya arobaini, kwa sababu kijana wangu alitangaza mtaa mzima kwamba kwetu mpira haukatiki, ni nia namba nne. Mvua ilikuwa imefunga tangu asubuhi. Jua halikuonekana, na umeme wa mji uliondoka jioni bila kuaga, sawa na kamera. Mimi nilikuwa nauza soda. Mke wangu nilimwona akipita nyuma na kitenge mkononi, nikadhani ana baridi.

Nigeria wakatangulia mapema. Meschack Elia akasawazisha kabla ya mapumziko, mabati yakalia. Dakika tisini zikaisha bao moja kwa moja, zikaongezwa thelathini, nazo zikaisha. Ilikuwa inakaribia usiku wa manane hapa kwetu. Wakajipanga kwa penalti.

Ndipo taa ya machungwa ikawaka juu ya kabati.

Betri ilikuwa imefika asilimia 30. Nia namba mbili ilisema isishuke. Namba nne ilisema mpira usikatike. Namba moja ilisema samaki wagande. Namba tatu, Mama Mkwe alikuwa ameamka. Namba tano, binti yangu alikuwa nyuma ya jiko akimwonyesha yule rafiki jinsi watu walivyojaa. Zote zina kipaumbele cha juu, kila moja ni mfalme. Mtoto wa kaka alinieleza baadaye kwamba wataalamu wanalijua sana hilo, kwamba nia zinaweza kugongana, na kwamba mfumo wenye adabu haubahatishi, humrudia mwenye nia ukamwuliza. Kisanduku chetu kina adabu. Kikamwuliza mwenye nyumba.

Ila mwenye nyumba, kwa mujibu wa kisanduku, si mimi. Aliyekisajili ni shemeji. Ujumbe ukatoka Kalemie, ukapanda mnara, ukafika Bruxelles ndani ya nukta chache, ukakuta simu imenyamazishwa. Shemeji alikuwa kwenye baa ya Wakongo wenzake, anatazama penalti hizo hizo, kwenye umeme usiokatika.

Kisanduku kikasubiri. Hakikuzima hata taa moja, kwa kuogopa kumkosea mtu. Asilimia 28. 25. 22. Kijana wangu akakipigia kelele kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na kwa lugha ya bibi yake. Mimi nikabonyeza sawa, sawa, sawa. Kikanijibu kwamba sina mamlaka.

Ilipofika 20 mashine ya betri ikajikata yenyewe. Televisheni giza, friza giza, njia ya chooni giza, Mama Mkwe akiwa katikati yake. Kisanduku nacho kikazimika, kikafa kingali kinasubiri jibu. Watu arobaini wakanigeukia. Sikuwaona lakini nilisikia shingo.

Aliyetuokoa ni muzee wa jirani, aliyestaafu reli. Yeye ana redio ndogo ya betri mbili, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa ameikalia barazani kwake tangu saa tatu, peke yake, hana haja na picha. Tukahamia kwake wote, tukachuchumaa gizani kwenye matope tukisikiliza mtangazaji akipungukiwa pumzi. Chancel Mbemba akaenda kupiga ile ya mwisho. Nne kwa tatu! Kalemie ikapasuka kutoka ufukweni mpaka mlimani, sufuria zikagongwa, watu wasiojuana wakabebana. Muzee hakuruka. Alizima redio kwanza, asiharibu betri.

Asubuhi nilikwenda kwake kushukuru, nikamlalamikia kile kisanduku chote, nia na jinsi. Alisikiliza mpaka mwisho akitafuna mswaki wake.

"Unajua Mimi alipita hapa?" akasema.

"Wewe, Muzee?"

"Si mimi. Mimi."

Ilichukua muda. Kumbe alikuwa anazungumzia chombo. Mwaka 1915, vita ya kwanza ya wazungu, Wajerumani ndio walioshika ziwa kwa meli zao za Kigoma. Wakubwa wa jeshi la majini kule London wakaamua wanalitaka. Wakatuma boti mbili za mota, kila moja kama mita kumi na mbili, chini ya ofisa aliyeitwa Spicer-Simson. Yule alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa, akazipa majina ya kitoto ya Kifaransa yenye maana ile ile: Mimi na Toutou. Zikapanda meli mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume. Hapo reli ikaisha.

"Sasa kati ya Fungurume na mto ni milima ya Mitumba," Muzee akasema, akionyesha kwa mswaki. "London ilisema inataka ziwa. Haikusema boti zitapandaje mlima. Waliojua jinsi ni watu. Walikata miti, wakajenga madaraja, wakazivuta kwa kamba wao na maksai, pale mashine za moshi ziliposhindwa. Wakazishusha mpaka Lualaba, wakazipakia tena reli ya Kabalo mpaka hapa Lukuga. Tarehe 26 Desemba zikakamata meli ya kwanza ya Mjerumani, Februari ya pili ikazamishwa. Aliyepata sifa ni nani?"

"Spicer-Simson."

"Na waliovuta kamba?"

Sikuwa na jina hata moja la kumpa. Akatema mate ya mswaki, akaniambia nikaangalie samaki wangu.

Nilikwenda kwa miguu mizito, maana friza zilikuwa zimezimwa kwa saa saba. Nilikuta zote mbili zimefungwa kwa kitenge, zimekazwa mafundo mawili ambayo hakuna mlevi wa penalti angeweza kuyafungua gizani akitafuta soda. Juu yake magunia, juu ya magunia blanketi la wageni. Mke wangu alikuwa ameliona wingu tangu asubuhi ya jana. Friza iliyojaa ukiacha kuifungua hukaa na baridi yake muda mrefu, hilo kila muuza samaki analijua. Mimi nalijua pia, ila siku ile nilikuwa nimeajiri wa kujua kwa niaba yangu. Akafungua mafundo, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akamgonga mkebuka wa chini kabisa kwa kucha. Akalia ko, ko, kama mlango.

Saa mbili jua likatoka, kisanduku kikafufuka. Kikapima friza, kikanitumia ujumbe: "Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Nia namba moja imetekelezwa." Saa tatu shemeji akaamka Bruxelles, kichwa kinamuuma, akaona swali la usiku, akabonyeza: samaki kwanza. Kikamjibu kwamba asante, kimepokea.

Siku hiyo nilimwomba mtoto wa kaka anisomee kumbukumbu zote za kisanduku tangu Agosti, kwa Kiswahili, polepole. Nilitaka kuiona hiyo jinsi yake, ile tuliyoambiwa ni shauri lake. Akasoma. Tarehe fulani, nguvu ya jua imepungua; hatua iliyochukuliwa: msimamizi amejulishwa asafishe paneli. Tarehe fulani, mawasiliano yamekatika. Hatua: msimamizi amejulishwa anunue mega. Tarehe fulani, joto la friza limepanda. Hatua: msimamizi amejulishwa afunge mlango wa friza.

"Huyu msimamizi ni nani?" nikauliza.

Kijana akanitazama kwa huruma. "Namba ya simu ni yako, Baba mdogo."

Tumefuta nia zote isipokuwa namba moja. Mama Mkwe anatumia tochi. Kijana mkubwa anatazamia mpira kwa watu. Shemeji ameahidi kwamba atakaporudi atatuletea ile sahani ya Starlink, maana tangu Mei 2025 serikali imeiruhusu nchini, na kwamba hapo kisanduku kitaamua mambo haraka zaidi. Nimemwomba alete viatu.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na robo, simu ililia: nguvu ya jua imepungua. Nikachukua ngazi, kitambaa na ndoo, nikapanda. Mke wangu akatoka kunishikia ngazi, mkono mmoja kiunoni, uso ameuelekeza juu. Nikafuta paneli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mfukoni simu ikalia tena. Nikaisoma huko huko juu ya bati, nikiwa nimepiga magoti: "Hongera! Mfumo umerejesha nguvu ya jua. Nia yako imetekelezwa."

Nikaanza kushuka.

"Wee, unakwenda wapi?" akasema mke wangu. "Hapo kushoto bado kuna mavi ya ndege."

Nikageuka kutazama. Yalikuwapo.